Anza na ukili, usianze na mkeka

Ndugu wa mgonjwa wa kiharusi au wa sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, akishasikia kwamba kazi ya mikono inasaidia, huyo sokoni. Atanunua ukindu, yaani majani ya kusukia, wa kutosha mkeka mzima, rangi tatu na shazia mpya, ile sindano ya kushonea mkeka. Mzigo unawekwa mbele ya kitanda: "Haya mama, suka, daktari kasema." Wiki ikiisha ukindu uko uvunguni, na mama amepata jambo jingine la kujiona hafai.

Mimi ni mtaalamu wa tiba kazi, tiba inayomrudishia mgonjwa uwezo kwa shughuli za kila siku, mzaliwa wa Bagamoyo. Ukili, ule msuko mrefu mwembamba unaoshonwa pamoja kuwa mkeka, nilifundishwa na bibi yangu kijijini Kaole kabla sijaanza shule. Habari za seli za neva nilizikuta baadaye Moshi, kwenye chuo cha tiba kazi pale hospitali ya KCMC. Hapa naeleza ninavyovitumia viwili hivyo pamoja, ili nawe uweze kumwanzisha mtu wako nyumbani. Nitasema ukili kwa sababu ndio ninaoujua kwa vidole. Kama uko Mwanza, Muscat au Minneapolis na hakuna mkindu jirani, sindano ya kroshia na uzi wa sufu vinatosha. Mvuvi mpe wavu uliotoboka, hatauliza swali.

Ubongo unaponaje

Seli za ubongo zilizokufa kwa kukosa damu hazirudi. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaouza matone na unga wa mizizi wakiahidi kuzifufua. Habari njema ziko upande mwingine. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, na zile zilizo hai kandokando ya jeraha zinaweza kuotesha matawi mapya, kushikana na nyingine na kubeba sehemu ya kazi iliyoachwa. Hufanya hivyo zikitumiwa, tena na tena, kwa jambo lile lile lenye ugumu wa kiasi. Nafuu ya haraka huonekana zaidi miezi mitatu ya mwanzo baada ya kiharusi. Baada ya hapo mwendo unapungua, lakini mlango haujafungwa.

Kwa nini mikono? Mwaka 1937, huko Montreal, daktari Wilder Penfield na mwenzake Edwin Boldrey walichapisha matokeo ya kuugusa ubongo wa wagonjwa kwa umeme mdogo wakati wa upasuaji, wakiangalia kiungo gani kinashtuka. Vidole, midomo na ulimi vilikutwa na eneo kubwa mno. Kiwiliwili kizima kimepewa kipande tu. Kwa hiyo mtu anayechezesha vidole vyake kwa makini ameuamsha ubongo kuliko anavyodhani jirani anayemwona amekaa kitako.

Familia huniuliza pia: hadi lini? Nawapa kisa cha Ujerumani. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2004 waliwafundisha watu kurusha na kudaka mipira mitatu, wakawapiga picha za ubongo kabla na baada ya miezi mitatu ya mazoezi. Sehemu zinazofuatilia vitu vinavyotembea zilikuwa zimenenepa. Wakaambiwa waache. Miezi mitatu mingine ilipopita, unene ule ulikuwa umepungua tena. Basi jibu la hadi lini ni hilo.

Kuna hesabu moja inayonikera kila nikiikumbuka. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2009 walihesabu mgonjwa wa kiharusi anautumia mkono wake dhaifu mara ngapi kwa kazi yenye maana katika kipindi kimoja cha mazoezi. Wastani ulikuwa mara 32. Wanyama wa maabara, ambao kwao ndiko tulikojifunza kwamba ubongo hujipanga upya, hufanywa wairudie kazi mara mamia. Sasa kaa kando ya msukaji umtazame. Kabla ukili haujafika urefu wa mkono, vidole vyake vimebana, vimevuta na kuachia mara nyingi sana, wala hakuna aliyemsimamia akihesabu "kumi na tano, kumi na sita" kama yuko jeshini. Ndiyo sababu kubwa ya mimi kupenda ukili kuliko mpira wa kuminya.

Na sonona je?

Sonona ina njia yake. Mtu anaacha mambo kwa sababu hayampi raha, kisha raha inazidi kupungua kwa sababu hafanyi lolote, na huku kichwa kinasaga jambo moja usiku kucha. Vidole vikiwa kazini, na macho yakifuata jani lipi linapita juu na lipi chini, mawazo hayo hayaondoki, ila nafasi inakuwa finyu. Kwa mtu ambaye hajapumua tangu alfajiri, hiyo si nafuu ndogo. Halafu kuna kitu cha kushika. Ukili wa shubiri moja upo, unaonekana, hakuna anayeweza kubishana nao, hata yeye mwenyewe.

Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, kilichapisha mwaka 2016 utafiti wa watu wazima 39 waliokaa dakika 45 wakitengeneza vitu vya sanaa kwa mikono. Kwa takriban robo tatu yao kiwango cha kotisoli mateni, ile homoni ya msongo, kilishuka, na hata wasio na ujuzi walifaidika. Watu 39 ni wachache na hawakuwa wagonjwa, kwa hiyo sijengi nyumba juu yake.

Ninaloliamini zaidi liko Harare, Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda na wenzake wamewafunza kina bibi, wahudumu wa afya wa mitaani, kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao na kuzungumza nao tatizo moja moja hadi lipate njia. Majaribio ya watu 573 yalichapishwa mwaka 2016, na waliopata benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Baada ya mazungumzo hayo mgonjwa alikaribishwa kwenye kikundi, na kikundini watu walifuma mikoba kwa kroshia, wakitumia plastiki iliyokwishatumika. Zingatia mpangilio: mazungumzo kwanza, mikono baadaye, tena mikono pamoja na watu. Nami nafuata mpangilio huo huo.

Hata kwetu jambo hili si geni. Lutindi, juu kwenye milima ya Usambara upande wa Korogwe, imekuwa hospitali ya wagonjwa wa akili tangu 1904, na kazi za mikono ni sehemu ya tiba pale.

Kuandaa ukindu na mahali

Nunua fungu moja dogo, lililokwisha kuanikwa likawa jeupe. Usinunue rangi bado, isipokuwa majani machache ya rangi moja; nitaeleza kazi yake. Mzima huchana ukindu mwembamba kwa kisu au msumari. Wewe kwa mgonjwa uchane mpana, upana wa kidole kidogo, kwa kuwa jani pana vidole dhaifu vinaliona. Lilowanishe kidogo na ulifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kabla ya kuanza. Ukindu mkavu hukatika, na kila jani linalokatika mkononi mwa mtu wa sonona analihesabu ni kosa lake.

Kina bibi zetu husuka wamekaa chini, miguu wamenyoosha. Mgonjwa wa kiharusi usimkalishe hivyo, kuinuka ndiko kutakakomwangusha. Mpe kiti chenye mgongo, miguu ikanyage sakafu, na meza inayofika kiwikoni. Mwanzo wa ukili ufunge kwenye msumari uliopigiliwa ukingoni mwa meza, ili mkono mzima usilazimike kushika kila kitu. Mkono mgonjwa ukae juu ya meza, mbele ya macho yake. Mkono unaoning'inia pembeni ya kiti husahaulika, na bega lake huanza kuuma.

Kusuka kwenyewe

Anza na majani matatu, ule msuko wa nywele ambao karibu kila mtu anaujua: la kulia lije katikati, la kushoto lije katikati, hivyo hivyo. Ukishakaa sawa nenda majani matano. Yapange sambamba. Chukua la mwisho kulia, lipitishe juu ya jirani yake na chini ya linalofuata. Sasa liko katikati. Chukua la mwisho kushoto, nalo juu ya moja, chini ya moja. Vuta kidogo, rudia. Jani likikaribia kwisha, usingoje liishe. Pachika jipya chini yake, yaende pamoja mizunguko miwili mitatu, kisha liache la zamani. Vichwa vinavyochomoza vitakatwa mwishoni, na kazi ya kukata ifanywe na wewe.

Lile jani la rangi liweke moja kati ya meupe manne. Mtu ambaye akili yake inapotea katikati ya mzunguko huliona jani jekundu lilipo na kujua zamu ni ya nani. Ni jambo dogo, lakini kwa wengi ndilo linalotenganisha kuendelea na kukata tamaa.

Kipimo changu cha ugumu ni rahisi. Akisuka urefu wa mkono bila kukosea hata mara moja, kazi imekuwa nyepesi mno: ongeza jani, au punguza upana. Akifumua kuliko anavyosuka, imezidi: rudi nyuma. Akikosea hapa na pale na kujirekebisha mwenyewe, mwache hapo hapo, hapo ndipo ubongo unapojifunza.

Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha mwanzoni, mara mbili au tatu kwa siku, asubuhi iwe mojawapo. Mchoko utauona kabla hajausema: bega linapanda kuelekea sikioni, vidole vinakunjamana na kukaza, makosa yanafuatana. Simamisha hapo. Na usingizi wa usiku usiupuuze, kwa kuwa mengi ambayo vidole vimejifunza mchana hupata kukaa sawasawa mtu akiwa amelala. Familia inayomwacha mgonjwa mbele ya televisheni hadi saa sita usiku inabomoa kazi yake yenyewe.

Mkono wa kiharusi, hatua kwa hatua

Mkono usiosogea kabisa nao una kazi: uwe uzito wa kukandamiza ukili usiteleze, huku mkono mzima unasuka. Kila anapouweka na kuuondoa, mwambie ajaribu kuuongoza mwenyewe, hata kama wewe ndiye unayeubeba. Mkono unaokunja lakini haufunguki upe fungu la ukindu uushike, na zoezi kubwa liwe kuachia. Kukunja hurudi mapema, kuachia ndio mlima. Vidole vikianza kubana, gumba na cha shahada, ndipo majani matatu yanaingia. Kabla ya hapo zipo kazi za jikoni zinazofaa sana: kupukuchua mahindi, kuchambua mchele kwenye ungo, kukanda unga wa chapati. Kukuna nazi kusubiri, mbuzi ana meno.

Huenda umesikia mbinu ya kuufunga mkono mzima ili mgonjwa alazimike kuutumia ule dhaifu. Ipo, ilitokana na kazi ya mwanasaikolojia Edward Taub, na mwaka 2006 utafiti wa wagonjwa 222 nchini Marekani ulionyesha inafaa: glavu mkononi sehemu kubwa ya siku kwa wiki mbili. Lakini waliochaguliwa walikuwa tayari wanaweza kuinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole kiasi. Usimfunge mama yako mkono ambao ndio pekee unaomshika asianguke. Hilo lifanywe na mtaalamu.

Mkono usiohisi ukaguliwe kila baada ya kazi. Kingo za ukindu hukata, na asiyehisi hasemi.

Namna ya kumwambia

Hapa ndipo pana utajiri, na ndipo vijana wengi wanapokosea. Mzee wako si mwanafunzi wako. "Fanya mazoezi" ni amri, na mtu aliyekulea akiamriwa hukaa kimya akageukia ukutani. Mwamkie, kaa, chukua ukindu wewe mwenyewe, usuke vibaya, kisha: "Shangazi, hebu nionyeshe, hapa panalegea kila mara." Nimeona mkono uliokataa mazoezi yote ukinyooka kwenda kurekebisha ukili mbaya wa mpwa.

Si hila tupu. Ujuzi wa mikono huhifadhiwa kwa njia tofauti na kumbukumbu za majina na matukio. Mgonjwa mashuhuri Henry Molaison, aliyepoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya baada ya upasuaji wa 1953, alifundishwa na mwanasaikolojia Brenda Milner kuchora nyota akitazama kwenye kioo. Kila siku alichora vizuri zaidi, na kila siku aliamini hajawahi kufanya hivyo. Bibi aliyesuka tangu utotoni anaweza kusahau jina la mjukuu, na vidole vyake vikipewa majani matano vikaenda. Hata yule ambaye kiharusi kimemnyang'anya maneno anaweza kukufundisha bila kusema. Mwache akufundishe, na ukosee kwa kweli, wazee wanaitambua igizo.

Kwa mwenye sonona, keti ubavuni pake, msitazamane. Watu wakiwa bega kwa bega na kazi mapajani husema mambo ambayo wasingeyasema wakikaziwa macho. Usimuulize anajisikiaje. Na usimpambe kwa hongera za mtoto wa chekechea, "wow mama, umeweza!" Sema lililopo: "Umenyooka huu kuliko wa jana." Saa ya kusuka ifungwe kwenye jambo ambalo tayari hufanyika, kwa mfano baada ya chai ya asubuhi, maana akingoja ajisikie kutaka, hatajisikia. Barazani na majirani ni bora kuliko chumbani, ila asilazimishwe siku za mwanzo.

Wanaume hunijia na kisingizio kwamba ukili ni wa wanawake. Sibishani. Kofia za kushonwa kwa mkono, nyavu, kamba za usumba, kutengeneza viatu, vyote vina mikono miwili, mzunguko unaojirudia na kitu kinachobaki.

Pale mikono isipotosha

Kazi ya mikono husimama pamoja na dawa, haichukui nafasi yake. Vidonge vya sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, na watu wengi huviacha katika wiki hizo hizo. Ukili ni wa kuvuka nao kipindi hicho, pamoja na vidonge. Vile vile dawa za shinikizo la damu baada ya kiharusi: zisikatizwe kwa kuwa mkono umeanza kufunguka.

Anayesema afadhali kufa, au anayeanza kugawa vitu vyake, asiachwe peke yake, shazia na visu viondoke, na aende hospitali siku hiyo hiyo. Anayesikia sauti au aliyechangamka asiyelala usiku, ukindu usubiri hadi atulie. Mdomo ukipinda upya, maneno yakavurugika, au udhaifu ukaongezeka ghafla, acheni kila kitu mkimbie hospitali; msingoje asubuhi. Kuna pia mgonjwa anayesuka na kufumua hadi usiku wa manane kwa sababu mstari haujanyooka. Huyo ugonjwa umehamia mikononi. Muwekee saa ya kuanza na saa ya kukunja.

Ukili ukishapatikana

Usiutupe wala usiufumue ili kuokoa ukindu. Uviringishe, uutundike mahali pa kuonekana, kisha utafutiwe mwenyewe: shoga anayeshona mkeka na amepungukiwa pima mbili, jirani anayetaka kawa. Ukili wa mgonjwa ukiingia kwenye mkeka wa mtu mwingine, huyo mtu atakuja kuulizia mwingine, na kuulizwa "Bi Mkubwa, umefika wapi?" kuna nguvu kuliko maneno yangu. Mkeka wake mwenyewe ataushona atakapotaka. Wengine hawataki kamwe, nao wako sawa.

Ukindu uliobaki uuweke pakavu. Masika huota ukungu. Ukiona madoa, uanike juani hadi yakauke na uukung'ute mbali na nyumba, na mwenye pumu asiguse fungu hilo. Kama harufu haitoki, tupa, nunua jingine dogo.